Kikapu Kilichomruka Mashimba

Kama unakaa Kiseke, au umewahi kupita huko Jumatano jioni, huenda umesikia nyimbo zikitoka kwenye nyumba yenye geti la bluu iliyo chini ya miamba. Hiyo ni nyumba ya Mwalimu Prudencia na mumewe Deodatus. Wote wawili ni Wahaya wa Bukoba, mkoani Kagera, Walutheri tangu enzi za babu zao. Wamefundisha shule za Mwanza mpaka wakastaafu, wakajenga hapo hapo. Jumuiya yao ya sala hukutana nyumbani kwao, na Prudencia ndiye mwenyekiti.

Jioni ninayotaka kuwasimulia ilianza kwa utulivu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na kukata, miamba ilikuwa bado inang'aa, na upepo wa ziwa ulipanda polepole ukipita kwenye pazia la sebuleni. Watu walikuwa wamekaa kwenye makochi na kwenye mikeka, wakiimba kwa Kihaya. Ndivyo walivyozoea. Zamani, walipokuwa familia chache ugenini, walikubaliana kusali kwa lugha ya nyumbani ili watoto wao wasiisahau. Naomba msiwaseme vibaya kwa hilo. Mtu aliye mbali na kwao hutafuta joto, na joto la mtu liko kwenye lugha aliyobembelezwa nayo.

Walikuwa na desturi nyingine pia. Sala ikiisha, Prudencia alizungusha kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya viungo kisha zikakaushwa. Kwa Wahaya mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Hupewa buni mkononi, akazitafuna taratibu huku mazungumzo yakiendelea. Kumpa mtu buni ni kumwambia kwamba wewe ni wa hapa. Kumnyima ni kumwambia jambo jingine, hata kama hukufungua mdomo.

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha geti lilipogongwa.

"Hodi wenyewe!"

Watu wakatazamana. Sauti ile waliijua, ila walizoea kuisikia ikitukana. Ilikuwa ya Mashimba, mvunja kokoto aliyekaa upande wa pili wa ukuta mfupi wa mawe. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili, nyundo yake asubuhi na gongo lake jioni. Sasa alisimama mlangoni amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, nywele zikiwa bado zina maji.

"Una shida gani, Mashimba?" aliuliza Mzee Bagenda, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo.

"Sina shida, mzee. Shikamooni. Nimesikia mnaimba, nikasema leo na mimi nije nikae."

"Umekunywa?"

"Leo hapana."

"Leo!" mtu mmoja akarudia, na watu wakacheka kidogo.

Wakampa kigoda karibu na mlango. Kisha wakaendelea kama kawaida. Neno likasomwa kwa Kihaya, likafafanuliwa kwa Kihaya, maombi yakaombwa kwa Kihaya. Mashimba aligeuza kichwa kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kama mtu anayetazama mpira ambao hajaambiwa timu gani inacheza na gani. Waliposimama, alisimama. Walipofumba macho, alifumba.

Kisha kikapu kikaanza kuzunguka. Prudencia alimpa Bagenda, akampa mke wa Bagenda, akawapa waliokuwa kwenye mkeka, akafika kwenye kigoda. Akaiona mikono ya Mashimba, mikono iliyokoboka, yenye vumbi la mawe lililokataa kutoka kwa maji. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kunyanyuka. Prudencia akawaza, huyu Msukuma atajua nini habari ya buni, si ataitema tu nje ya mlango? Akakisogeza kikapu kwa mtu aliyefuata.

Mashimba akaushusha mkono, akauweka gotini, kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa unakwenda gotini.

"Asanteni," alisema baada ya muda, akainuka. "Mungu awabariki."

Geti lilipofungwa, Bagenda alisema, "Maskini, alidhani leo kuna ubwabwa." Watu wakacheka. Prudencia naye alicheka, ingawa si sana.

Ndugu zangu, hakuna aliyemtukana Mashimba jioni ile. Hakuna aliyemfukuza. Walimpa hata kigoda. Lakini mtu anaweza kufungiwa nje akiwa amekaa ndani.

Kesho yake nyundo haikusikika upande wa pili wa ukuta. Jioni yalisikika matusi, kisha kilio cha mwanamke, kisha chungu kikivunjika. Ikawa hivyo siku iliyofuata na iliyofuata. Halafu hata matusi yakakoma, na nyundo ikarudi, lakini mlio wake ulikuwa mwepesi, wa kusuasua. Prudencia alichungulia juu ya ukuta akamwona Minza, mke wa Mashimba, anavunja kokoto mwenyewe huku mtoto yuko mgongoni.

Asubuhi moja Minza akaja, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa Kisukuma mbele ya mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Minza. Karibu. Mashimba yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Kigongo, mama. Amejiunga na rafiki yake Machibya, aliyekuwa anabeba mizigo ya watu pale kivukoni. Sasa limejengwa daraja, magari yanapita juu na kazi hamna, basi wanakunywa tu. Nimetuma watu, hataki kurudi. Nimekuja kukuomba uende wewe."

"Mimi? Mimi nitamwambia nini mlevi?"

Minza aliinamisha macho. "Mama, simlaumu mtu. Ila nyie hamjui. Mume wangu alikuwa anakaa nyuma ya ukuta huu kila Jumatano anawasikiliza mkiimba. Maneno hayajui, ila alikuwa anasema zile sauti zinamtoa machozi. Akaacha gongo. Mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Alitetemeka, akatapika, akashinda. Siku ile akaniambia, Minza, nifulie shati, nakwenda kumuuliza Mwalimu kama Mungu wao anapokea na watu kama mimi."

Prudencia aliutazama ule ukuta.

"Aliporudi nikamuuliza, wamesemaje? Akasema, hamna kitu. Yule ni Mungu wa Bukoba. Ana watu wake."

Prudencia aliyasikia maneno hayo kama maji ya baridi shingoni. Kwanza alijitetea, kama ambavyo wewe au mimi tungejitetea. Akasema kwamba Mashimba hakuuliza. Akasema kwamba makanisa ya Kiswahili yamejaa Mwanza, kila kona lipo moja. Akasema kwamba mlevi hakosi kisingizio. Minza aliitikia kila neno kwa kichwa, akashukuru, akarudi kwenye kokoto zake.

Mchana wakati wa kula, Prudencia alimsimulia mumewe. Deodatus ni mtu wa maneno machache na utani mwingi. Alimenya ndizi yake mpaka mwisho ndipo akasema:

"Mke wangu, babu yako alizaliwa Mlutheri?"

"Unajua hakuzaliwa."

"Ninavyokumbuka, nyanya yako alituambia babu alikuwa mnywa wa pombe ya lubisi namba moja kijijini. Alikuwa anapotea njia akiwa ndani ya shamba lake."

"Deo!"

"Sisemi mimi, alisema nyanya. Sasa mtu akaja na Neno, mgeni kabisa, amechafuka miguu kwa safari. Angeangalia ile pombe, angeangalia lugha, akapita nyumba ya pili, wewe leo ungekuwa mwenyekiti wa nini?"

Prudencia alisukuma sahani. Aliingia chumbani akapiga magoti, na huko alikaa mpaka chai ikapoa. Sitasimulia aliyomwambia Mungu wake, hayo ni yao wawili. Nasema tu kwamba alipotoka macho yalikuwa mekundu, na alikwenda moja kwa moja kabatini, akachota buni za kujaa kiganja, akazifunga kwenye kitambaa.

Kesho yake walipanda gari yeye na Minza mpaka Usagara, wakachukua bajaji hadi Kigongo. Mahali ambapo zamani magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na wauza samaki wakikimbilia madirisha, palikuwa na ukimya. Daraja lilionekana limelala juu ya maji, magari yakipita bila kusimama. Vibanda vingi vilikuwa vimefungwa. Kilichobaki wazi kilikuwa nyuma, karibu na mawe, na humo ndimo walimkuta Mashimba. Lile shati jeupe bado alilivaa, sasa likiwa na rangi ya udongo.

"Mwadila," Prudencia aliwasalimu kwa Kisukuma.

Walevi wakapiga makofi. "Mayu! Mama wa Kihaya anasema Mwadila! Dunia imekwisha!"

"Mwalimu," Mashimba alisema, ulimi ukimlemea, "umepotea? Bukoba siyo huku. Panda daraja lile, nenda moja kwa moja, usigeuke."

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Kwangu hamna jumuiya. Labda hawa. Huyu Machibya ndiye mzee wa kanisa letu." Akamwonyesha mtu mwembamba mwenye kofia iliyotoboka, aliyekuwa akicheka bila meno ya mbele.

Prudencia alivuta kreti tupu la soda akakaa mbele yake. Alifungua kitambaa, akazichukua buni zote, akampa kwa mikono miwili.

"Jumatano ile nilikuruka, Mashimba. Niliuona mkono wako nikakuruka. Halikuwa kosa lako wala la Mungu, ni langu. Naomba unisamehe."

Mashimba alizipokea zile buni, akazigeuza kiganjani.

"Hii inaliwa?"

"Inatafunwa."

Akatia moja mdomoni, akakunja uso. "Chungu!"

"Ndiyo, ni chungu. Endelea, itabadilika."

Akacheka, na hapo ndipo machozi yalipoanza. "Mwalimu, mimi nimempiga huyu mwanamke unayemwona hapo. Nimewanyima chakula watoto. Nilimwibia hata mama yangu, akafa hajanisamehe. Huyo Yesu wenu..."

"Siyo wetu," Prudencia alisema. "Hapo ndipo tulipokosea. Siyo wetu peke yetu. Alipokuwa msalabani, pembeni yake alikuwapo mnyang'anyi. Hakuwa amebatizwa, hakuwa na jumuiya, hakuwa na hata siku moja ya kutengeneza aliyoharibu. Alichoweza ni kuomba tu, nikumbuke. Na Yesu hakumuuliza kabila wala hakumuuliza amekunywa nini. Alimwambia, leo utakuwa pamoja nami."

"Leo?"

"Leo."

Machibya alisogea, akanyoosha kiganja kwa utani. "Na mimi je, mama? Au mwizi ni mmoja tu?"

Watu wakacheka. Prudencia naye akacheka, akakung'uta kitambaa kuonyesha kwamba hakuna kitu. Bajaji ilikuwa inapiga honi, dereva amechoka kusubiri.

"Wewe nitakuletea wiki ijayo, mzee wa kanisa."

"Haya. Nakusubiri," alisema Machibya.

Mashimba hakurudi nao siku ile. Alisema atafikiri. Minza alilia njia nzima, lakini Prudencia hakuvunjika moyo. Alimwambia, "Mbegu ikiingia ardhini haitoki jioni hiyo hiyo, binti yangu."

Jumatano ikafika. Kabla ya wimbo wa kwanza Prudencia alisimama akawaambia wenzake yote, tangu mkono ulionyanyuka mpaka kreti la soda. Kisha akaomba mambo mawili. Sala ziwe kwa Kiswahili, na wiki ijayo wakutane uani kwa Minza.

Mzee Bagenda alikohoa. "Mwenyekiti, tukiacha Kihaya watoto watakisahau."

"Tutawafundisha mezani, mzee, na tutawaimbia wakilala. Lakini Injili haikutoka Bukoba. Ililetwa Bukoba, nasi tukaipata bure."

"Na uani kwa Minza tutakaa wapi? Juu ya kokoto?"

"Juu ya kokoto," Deodatus akadakia. "Mzee, makalio yako yamezoea kochi mno, hata malaika watashindwa kukuinua siku ya mwisho."

Hata Bagenda alicheka. Wakakubaliana.

Ndugu msomaji, tazama sasa jinsi mambo mema yanavyoweza kumsahaulisha mtu jambo jema. Wiki ile Prudencia alikuwa na shughuli nyingi. Alitafuta nyimbo za Kiswahili, akakusanya mikeka, akamsaidia Minza kusafisha ua. Safari ya Kigongo akaiahirisha. Alijiambia kwamba kikao kikishapita atakwenda, akiwa na nafasi nzuri.

Siku ya kikao jumuiya nzima iliketi uani kwa Minza, wengine juu ya mikeka, wengine juu ya mawe yenyewe, Bagenda akiwa amekalia mto aliotoka nao nyumbani. Majirani walisimama kwenye ukuta wakitazama, na Prudencia akawaita mmoja mmoja waingie. Wimbo ulikuwa wa Kiswahili, kila mtu aliujua, na miamba ilirudisha sauti mpaka ikawa kama wako wengi mara mbili.

Katikati ya wimbo mtu aliteremka kwenye njia ya miamba. Alikuwa Mashimba. Alitetemeka mwili mzima, si kwa pombe bali kwa kukosa pombe. Watoto wake walimkimbilia, kisha wakasimama kabla ya kumfikia, wasijue ni baba yupi aliyerudi. Akakaa chini palepale, njiani. Ndipo wakamwendea.

Siku hiyo Prudencia alimwachia Bagenda kikapu. Alizunguka nacho, akafika mbele ya Mashimba, akasimama. Mzee yule, aliyesema habari ya ubwabwa, alipiga goti moja kwa taabu, akachota buni, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Hapa ni kwako."

Mashimba alizipokea, lakini hakuzila. Alimgeukia Prudencia.

"Mwalimu, Machibya amefariki. Tumemzika juzi. Aliamka hana nguvu, tukambeba kumpeleka zahanati, hakufika."

Prudencia aliweka mkono mdomoni. Akilini aliiona ile kofia iliyotoboka. Aliyasikia yale maneno, nakusubiri.

"Kila siku alikuwa ananiuliza, yule mama anakuja lini?" Mashimba aliendelea. "Nikaona huji. Sasa mimi nilikuwa nimebakiza buni moja mfukoni. Tulipokuwa tumembeba akataka kupumzika, tukamlaza chini ya kivuli. Nikamtilia ile buni mkononi. Nikamsimulia habari ya yule mnyang'anyi. Mwalimu, nilikosea kosea, majina siyajui, nilisahau hata msalaba ulikuwa wapi. Nilimwambia tu kwamba yule mtu alisema nikumbuke, na akapokelewa siku hiyo hiyo. Machibya akasema, basi na mimi anikumbuke. Akafumba kiganja." Akazitazama buni alizopewa. "Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaamua. Sijabatizwa. Je, hiyo inahesabika?"

Prudencia alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kuomba msamaha kwa mtu ambaye hakuwepo tena kuusikia. Lakini kwanza palikuwa na swali, na safari hii hakutaka kumruka aliyeuliza.

"Inahesabika, Mashimba," alisema huku machozi yakimtiririka. "Wewe ulikwenda pale ambapo mimi nilichelewa. Bwana hakuchelewa, kwa sababu alikutuma wewe."

Ndipo Mashimba akatia buni mdomoni, akatafuna taratibu, na watu wote uani wakangoja mpaka amalize.

Deodatus alimpeleka hospitali kesho yake, maana maombi na dawa havigombani. Daktari alimwambia kwamba ini lake limechoka, na akionja tena hatamaliza mwaka. Hajaonja. Alibatizwa, na nyundo yake sasa inasikika asubuhi kama zamani, ila jioni husikika sauti yake akiimba, na nisiwafiche, anaimba vibaya sana. Kila Jumamosi yeye na Prudencia hupanda gari kwenda Kigongo, kwenye kile kibanda cha nyuma. Prudencia hubeba kitambaa kilichojaa mpaka hakifungiki, na hawapandi gari la kurudi mpaka kila kiganja kilichonyooshwa kimepata.

Fundisho

Ndugu zangu, wokovu wa Yesu Kristo hauna kabila, hauna lugha moja, wala hauna mlango wa watu safi. Yuko tayari kumpokea Mhaya na Msukuma, mwalimu na mvunja kokoto, aliyelelewa kanisani na aliyeokotwa kilabuni. Usiseme kwamba umekwenda mbali mno. Ukiomba akukumbuke, atakukumbuka leo.

Na sisi tuliokwisha kupokea, tukumbuke kwamba kuna mtu aliyetuletea. Tusidhani kuwa kumnyima mtu Injili ni lazima kumfukuza. Unaweza kumnyima kwa kumweka kwenye kigoda na kusema naye kwa lugha asiyoijua. Unaweza kumnyima kwa kumwambia wiki ijayo. Anza na yule aliye upande wa pili wa ukuta wako, na usingoje mpaka uwe na maneno mazuri. Machibya alihubiriwa na mtu aliyekosea kosea, lakini aliyekuwapo.

Mkono ukinyanyuka mbele yako, usiuruke.